Siku Nne za Hema: Kutoka Arusha Hadi Seronera

Huenda leo asubuhi umemshika faru mkononi wala hukumtazama. Yumo katika noti ya shilingi 5,000, kama vile simba alivyomo katika noti ya 2,000 na tembo katika ile ya 10,000. Wanyama hawa huenda sokoni kila siku, hupanda daladala na hulipa karo za shule. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini hayumo baba, mama wala mtoto aliyepata kuwaona wakiwa hai. Wageni huvuka bahari kuja kuwatazama, nasi tulio jirani zao twaridhika na picha.

Makala haya yanakualika ufunge safari. Si safari ya hoteli, bali ya hema, sufuria na mablanketi, ambayo familia mbili tatu, au wafanyakazi wa idara moja, waweza kuichangia. Raia hutozwa kiingilio kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha mgeni. Mzigo mkubwa ni gari na mafuta, na mzigo huo hupungua kadiri viti vinavyojaa.

KUPANDA UKUTA WA BONDE LA UFA

Ondokeni Arusha alfajiri. Kilomita zipatazo 80 za lami zitawafikisha Makuyuni, mkipita katika nyika ambako vijana wa Kimaasai hulisha mifugo yao kando ya barabara. Hapo mtaiacha njia iendayo Babati na Dodoma, mshike mkono wa kulia. Baada ya muda mtauona mbele yenu ukuta mrefu wa mlima, ukitanda toka kaskazini hadi kusini. Huo ndio ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, na chini yake upo mji mdogo wa Mto wa Mbu. Watu wa makabila mengi mno wamehamia hapa kulima mpunga na migomba kwa maji yatokayo mlimani, nao huongea Kiswahili kama sisi wa mijini. Nunueni hapo ndizi, mchele na nyanya.

Hifadhi ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960, ipo papo hapo. Chemchemi zibubujikazo chini ya ukuta ule hustawisha msitu mkubwa, na ndani yake nyani hukaa kwa makundi makundi njiani kama wenye mali. Ni hapa ambapo mtafiti Iain Douglas-Hamilton, katika miaka ya 1960, alijifunza kumtambua kila tembo kwa umbo la masikio yake. Aligundua kwamba jamaa ya tembo huongozwa na jike mzee, na kwamba madume wakikomaa huondoka kwenda zao. Basi mkikutana na kundi, zimeni injini na muwaonyeshe watoto yule bibi aliyetangulia. Akisimama, wote husimama. Akigeuka, wote hugeuka.

Kutoka Manyara barabara hupanda ukuta kwa mizunguko hadi Karatu, nchi ya udongo mwekundu na mashamba ya ngano na maharage. Kwenye lango la Lodoare lami hukoma. Toka hapo ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Mtapanda katikati ya msitu wenye ukungu, na kwa ghafla miti itaachana, na shimo la Ngorongoro litakuwa chini ya miguu yenu. Kina chake ni kama meta 600, na sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260. Nyati mia moja wakiwa kule chini, kwa macho matupu ni kama siafu.

USIKU WA KAMBINI

Ukingo huu uko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na aliyezoea joto la Dar es Salaam hataamini kwamba yumo katika nchi ile ile. Kila mtu na awe na sweta, soksi na mablanketi mawili.

Kambi haina ua. Hili lazima mlielewe kabla ya giza kuingia, na watoto waelezwe bila ya kutishwa. Chakula chochote, hata ganda la chungwa, kisilale ndani ya hema. Kifungiwe garini au jikoni, kwani pua ya tembo haina mpinzani. Hema lifungwe zipu mpaka chini. Mtoto asitoke peke yake usiku. Amwamshe mzazi, nao wamulike tochi pande zote kwanza. Mnyama huliona hema kama kitu kimoja kizima, na kwa kawaida hulizunguka akaenda zake. Hatari huanza pale mtu anapojitokeza ghafla mbele yake, au anapoacha nyama karibu na kichwa chake.

Usiku huo mtamsikia fisi. Mlio wake huanza chini, ukapanda taratibu kama swali. Katika ngano zetu fisi ni mlafi na mla mizoga, bali uchunguzi alioufanya Hans Kruuk hapa hapa Ngorongoro katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba fisi ni mwindaji hodari, na kwamba mara nyingi humu shimoni simba ndiye aliyekuwa akimnyang'anya fisi windo lake. Wasimulieni watoto habari hiyo wakiwa wamejifunika mablanketi. Itawaondolea hofu kuliko kuwaambia wanyamaze.

SHIMONI NA UWANDANI

Asubuhi teremkeni mapema. Mtawaona nyumbu, pundamilia, nyati, simba, na tembo madume wenye pembe ndefu katika msitu wa migunga wa Lerai. Twiga hamtawaona, kwani humu hawamo. Faru mtafuteni kwa subira, pengine kwa mbali sana. Katikati ya miaka ya 1960 walihesabiwa zaidi ya 100. Kisha ujangili ukawamaliza, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakuzidi dazeni mbili, na tangu hapo kila ndama azaliwaye hulindwa na askari usiku na mchana. Msidhani ni habari ya zamani tu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 hesabu ya tembo wa Tanzania ilianguka kutoka wapatao 109,000 hadi wapatao 43,000. Watoto waliokuwa chekechea mwaka 2009 walikuwa hawajamaliza shule ya msingi, na zaidi ya nusu ya tembo walikwisha toweka.

Kutoka ukingoni njia hushuka upande wa magharibi kuelekea Olduvai, mahali palipopewa jina la mkonge mwitu. Hapo, tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe aliyeishi kiasi cha miaka milioni 1.75 iliyopita. Kisha huja uwanda mtupu wa Serengeti. Majivu ya volkano za kale yamefanya tabaka gumu chini ya udongo, mizizi ya miti haipenyi, na majani mafupi yanayoota juu yake yana madini yanayowafaa sana wanyama wanyonyeshao. Kwa hiyo kati ya Januari na Machi nyumbu huja kuzalia hapa, na ndama husimama dakika chache tu baada ya kudondoka, maana fisi na duma nao wanaijua kalenda hiyo.

Nyumbu hao wana historia impasayo kila mwananchi kuijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliwaua ng'ombe, nyumbu na nyati, na Wamaasai wengi wakafa njaa. Ugonjwa ulibaki nchini kwa miaka mingi. Ng'ombe waliouzunguka uwanda huu walipochanjwa, nao nyumbu wakapona. Kutoka kama 250,000 mwaka 1961, walipita milioni moja ilipofika mwaka 1977, ingawa hakuna aliyewachoma sindano. Mwaka 1994, ugonjwa wa mbwa uliwaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, ndipo chanjo ya mbwa wa vijijini ikatiliwa mkazo. Afya ya zizi la mfugaji na afya ya mbuga ni jambo moja.

Kwa sababu hiyo msiwapite wafugaji wa Ngorongoro kana kwamba ni sehemu ya mandhari. Mwaka 1959 Wamaasai walitoka Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa iwe nchi ya watu na wanyama pamoja. Watu wameongezeka tangu hapo, na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera wilayani Handeni. Na suala hilo limekuwa na ubishi mkali. Mgeni wa siku nne hawezi kuwa hakimu wake. Lakini akumbuke kwamba sisi wa mijini huwafurahia simba na kurudi nyumbani, ilhali wako wanaolala nao jirani mwaka mzima, na ng'ombe aliyeliwa ni wao. Salimieni watu, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, nunueni kwao mnachokihitaji.

Usiku wa mwisho lalieni Seronera, katikati ya Serengeti. Fikeni mapema, kwa kuwa kuendesha gari usiku ndani ya hifadhi ni marufuku, na mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Msiache njia, msishuke ila mahali palipowekwa. Takataka zote zirudi nanyi mjini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni, 2019. Karibu na alfajiri huenda mkamsikia simba. Ngurumo yake hufika kilomita nane, kwa hiyo msihesabu umbali kwa mtetemo wa kifua.

Septemba 1961, hapo Arusha, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba wanyama hawa ni amana, na kwamba tutawahifadhi kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Wajukuu hao sasa wamo madarasani. Epukeni Aprili na Mei, miezi ya mvua na matope. Mkianza kuchanga mwezi huu, kila nyumba ikiweka kidogo kila mshahara, likizo ijayo ya shule mtakuwa na gari lililojaa, mahema mawili ya kuazima, na watoto wanaouliza maswali tangu Makuyuni.