Kijana wa Moshi juu ya paa la Nairobi

Mtu aliyezaliwa chini ya mlima mrefu kuliko yote barani Afrika hudhaniwa kuwa ameshiba kutazama juu. Sivyo ilivyo. Aghalabu mtu wa namna hiyo hukua na shauku ya kufika mahali pa juu na kutazama chini, apate kujua dunia inavyoonekana na mlima wenyewe. Ndivyo alivyokuwa kijana mmoja wa Moshi, fundi wa kupaka rangi majumba. Kazi yake ilimpandisha kila siku juu ya majukwaa ya miti, kopo la rangi mkononi, na wenziwe walimjua kuwa ndiye asiyekataa ukuta wa juu kabisa. Hata hivyo ghorofa ya nne ndiyo iliyokuwa mwisho wa urefu wake. Kilimanjaro aliuona kila kulipokucha, lakini gharama za kuupanda zilimzidi kimo. Basi akaweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya safari nyingine: kwenda Nairobi, kupanda jumba refu hasa, na kuutazama mji mzima ukiwa chini ya miguu yake.

Jumba lenyewe alikutana nalo kwanza likiwa katika karatasi. Alipobadili fedha zake mpakani Namanga alipewa noti za Kenya za toleo lililoanza mwaka 2019, na katika kila noti, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya shilingi 1,000, limechorwa jumba moja, la mviringo na refu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu ye yote kuwekwa katika noti, na miongoni mwa vitu vilivyochaguliwa kuitambulisha nchi ni Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ambalo wenyeji hulitaja kwa herufi nne tu, KICC. Kijana akaikunja noti moja na kuiweka katika mfuko wa shati, mbali na nyingine.

Kutoka Namanga hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 160. Basi hukata nyika ya Kajiado, ng'ombe wa Wamasai wakivuka barabara pasipo haraka, na abiria huona tambarare baada ya tambarare. Hatambui kwamba anapanda. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya mji wa Moshi. Kijana yule alipoteremka garini alikuwa amekwisha kupanda kimo cha majumba saba kama lile alilolifuata, wala moyo wake haukushtuka hata mara moja. Urefu usio na ukingo haumtishi mtu.

Mji aliofikia si wa kale. Jina lake limetokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi, na mahali hapo palikuwa bwawa na malisho hadi mwaka 1899, reli iliyoanzia Mombasa ilipofika na wajenzi wake wakapiga kambi. Kambi ikawa mji, na mji ukawa makao makuu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wakubwa wa nchi walitaka jengo litakalousimamisha mji huo miongoni mwa miji mikuu ya dunia. Ujenzi ulianza mwaka 1967. Wachoraji wa ramani walikuwa wawili, Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na David Mutiso, Mkenya. Shabaha ya kwanza ilikuwa makao ya chama cha KANU, lakini kazi ilikuzwa ili jumba liweze kupokea mkutano mkuu wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwezi Septemba mwaka 1973 wajumbe walikutana humo. Katika mkutano huo Robert McNamara, aliyekuwa Rais wa Benki ya Dunia, alitoa hotuba iliyosifika juu ya umaskini wa kupindukia na hali ya wakulima wadogo wa vijijini.

Kijana alifika uwanjani hapo asubuhi na mapema. Akaipita sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta aliyeketi, akasimama akiinua kichwa mpaka kofia ikamwanguka. Kwa jicho la fundi alitazama kwanza rangi: nyekundu ya udongo uliochomwa, kama ya chungu kipya. Pembeni ukumbi wa mikutano umejengwa kwa umbo la msonge, na mnara wenyewe, wenye ghorofa 28 na kimo cha mita 105, umesimama kando yake kama mzazi na mtoto. Alijaribu kuhesabu majukwaa ambayo yangehitajika kuupaka rangi mnara ule, akashindwa. Akalipa kiingilio.

Lifti ilimpeleka juu kwa kasi iliyoyaziba masikio yake. Ngazi za mwisho hupandwa kwa miguu, na mwisho wa ngazi ni mwanga mtupu na upepo. Zamani palikuwa huko juu mkahawa uliozunguka polepole, mlaji akiuona mji wote pasipo kuinuka kitini. Juu yake ni paa la kutulia helikopta. Hapo ndipo fundi asiyejua hofu alipoijua. Jukwaani Moshi alikuwa na ukuta mbele yake na kazi mikononi. Hapa hakuna ukuta, wala mikono haina la kufanya. Magoti yakalegea. Akashika chuma cha ukingo, kisha akataka kuegemea apate kuona barabara iliyo chini kabisa.

"Usiegemee hapo, kijana," alisema askari wa zamu, mzee wa makamo aliyevaa koti zito. "Tazama mbali kwanza. Macho yakizoea mbali, ndipo uyateremshe karibu."

"Nimesikia, mzee," akajibu, na akafuata shauri hilo.

Alipotazama magharibi aliona Bunge na mnara wake wa saa, miti ya Uhuru Park, na nyuma yake kilima cha Upper Hill penye majumba yaliyokwisha kuipita KICC kwa kimo. Jumba hili liliongoza Nairobi kwa urefu kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2017 Britam Tower, yenye mita 200, imesimama karibu mara mbili yake. Nyuma ya hayo yote ni milima ya Ngong, vilele vyake vikifuatana kama vifundo vya ngumi. Kusini-magharibi aliona bahari ya mabati yenye kutu, nyumba zimebanana hata njia hazionekani. "Kibera," askari akasema. Tangu mkutano ule wa mwaka 1973 miaka mingi imepita, na mtu akisimama juu ya ukumbi uliotolewa hotuba ile ya umaskini, bado mabati hayo yako mbele ya macho yake.

Upande wa kusini, ng'ambo ya kituo cha reli na viwanda, nyumba zilikoma ghafula na nyasi zikaanza. Hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, ambamo simba na vifaru huishi mahali ambapo mji huu unaonekana. Kijana alitazama juu ya nyasi hizo kwa muda mrefu. Alikuja akitumaini kuuona mlima wa kwao, lakini palikuwa na ukungu tu.

"Ngoja," askari alimwambia. "Mvua ilinyesha jana. Huenda ukajitokeza."

Akangoja karibu saa nzima. Kisha ukungu ulipasuka upande wa kusini, na pale mwisho wa macho, kilomita 200 hivi kutoka aliposimama, pakatokea doa jeupe lililoning'inia hewani, dogo kama ukucha wa mtoto. Kijana hakulitambua mara moja. Alipolitambua alinyamaza. Mlima uliofunika nusu ya mbingu ya utoto wake, mlima uliowapa wazazi wake maji ya kumwagilia kahawa na migomba, sasa angeweza kuufunika kwa kidole kimoja.

Aliyateremsha macho polepole kama alivyoagizwa, mpaka karibu na mguu wa mnara, upande wa mashariki. Hapo katikati ya majumba na msongamano wa magari aliona doa jingine, la kijani kibichi, kana kwamba jumba moja limeng'olewa na nyasi zikapandwa mahali pake. Akauliza ni bustani gani.

"Hapo ndipo uliposimama ubalozi wa Marekani," askari akasema. "Na siku ile ile nanyi mlilia Dar es Salaam."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo. Wafanyakazi waliokuwa katika majumba ya jirani waliinuka wakaenda madirishani kutazama kuna nini, kama mtu ye yote angalivyofanya. Ndipo lori lililosheheni mabomu lilipolipuka, na vioo vikawarukia usoni. Watu 213 waliuawa Nairobi, maelfu wakajeruhiwa, na jumba moja la jirani likaporomoka zima na watu ndani yake. Wengi walionusurika walipoteza macho, kwa sababu tu walikuwa wamesimama dirishani. Dakika chache kabla au baada ya hapo, bomu lingine lililipuka katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na watu 11 wakafa.

Kijana alilitazama doa lile la kijani tena. Kutoka juu lilikuwa zuri, safi, dogo, wala halikuwa na sauti. Akatambua kwamba paa lile limemfanyia jambo lile lile mara mbili: limeufanya mlima kuwa ukucha, na limeufanya msiba kuwa bustani. Akamshukuru mzee, akashuka.

Mwendo wa kutoka KICC hadi Bustani ya Ukumbusho hauzidi dakika kumi kwa miguu. Bustani hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina ukuta ulioandikwa majina ya waliokufa. Fundi rangi alisimama mbele yake akasoma jina baada ya jina, bila kuruka hata moja. Yako majina ya makabila mengi, ya Kikristo na ya Kiislamu, na mengine yanaitwa Moshi kama yanavyoitwa Nairobi. Kazi ya kuusoma ukuta huo ilimchukua muda kuliko kupanda mnara na kushuka. Alipomaliza akainua kichwa: juu ya paa la jumba jekundu, watu wadogo kama siafu walikuwa wakizunguka ukingoni, wakiutazama mji.

Hapana kosa kupenda mahali pa juu. Anayepanda huona jinsi reli, bwawa, mbuga, bunge na mabati yalivyounganika kuwa mji mmoja, jambo ambalo mtembea kwa miguu hawezi kuliona. Lakini ukubwa wa kila kimoja hupimwa chini, kwa hatua na kwa jina. Jioni kijana alipanda basi la Namanga. Katika mfuko wa shati ilikuwamo noti aliyoikunja asubuhi ya safari yake, na hakuibadili.