Shinyanga Hadi Geita: Likizo ya Kofia na Dhahabu

Msomaji, wewe na mwenzi wako mkipanga likizo na watoto, najua akili inakimbilia wapi: Zanzibar, Bagamoyo, labda Mikumi. Safi kabisa. Ila ipo safari nyingine ambayo watoto hawataisahau. Sisi tulijaza buti ya gari kofia za pama, mashati ya mikono mirefu na krimu za kuzuia jua, tukaelekea Shinyanga.

Kutoka Dar ni karibu kilomita 1,000. Tulilala Dodoma, kesho yake tukapita Singida, tukateremka mlima Sekenke hadi mbuga ya Wembere, kisha Igunga, Nzega na Tinde.

Mzigo ulikuwa wa Shule ya Msingi Buhangija, Shinyanga mjini, wanakosoma watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Hawa wenye ualbino walianza kupelekwa pale kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 2000, mauaji yalipopamba moto Kanda ya Ziwa. Waganga matapeli walikuwa wakidanganya watu kwamba viungo vya binadamu huvuta dhahabu migodini na samaki ziwani.

“Mama, kwani hawana kwao?” binti yetu wa miaka tisa aliuliza. Wengi wanako. Wana wazazi, wana bibi. Kilichokosekana nyumbani ni usalama.

Basi nikatarajia majonzi. Wapi! Kijana mmoja aliikataa kata kata kofia ya pinki. “Hamna ya bluu?” Binti yetu akapekua mfuko mzima mpaka ikapatikana. Kuanzia hapo wakawa marafiki.

Kofia si urembo. Ngozi isiyo na kinga ya jua huishia kwenye saratani, nayo inaua kimya kimya. Krimu nzuri ya Kilisun hutengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi.

Kutoka Shinyanga tulipanda hadi Usagara, jirani na Mwanza, tukavuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, tukapita Sengerema hadi Geita. Mume wangu ndiye aliyesisitiza twende. Alitaka watoto waone dhahabu inavyopatikana kweli.

Wakaona. Mchimbaji mdogo anashuka duarani, mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwa maji, dhahabu inanaswa kwa zebaki, ambayo nayo ni sumu. Kisha inapimwa kwenye mizani ya soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Jasho, mashine, mizani. “Sasa uganga unaingilia wapi?” binti akauliza. Baba yake akamjibu, “Hauingii popote, mwanangu. Ni uongo.”

Nikaitazama pete yangu ya ndoa. Sijui dhahabu yake ilichimbwa wapi, ila najua uongo huo umeua watu kwa jina la madini haya haya.

Mkitaka kwenda, pigeni simu shuleni kwanza muulize kinachohitajika. Huenda ni sabuni, si biskuti. Picha za watoto msizirushe mitandaoni: mahali anapoishi mtoto anayewindwa si jambo la kutangaza. Na mkiwa Shinyanga, nunueni michembe ya njiani. Watoto wetu waliimaliza kabla hatujafika Nzega.