RAYNERS LANE: UPEPO WA STESHENI NA VUMBI LA KAZINI



Mwezi huu tumezuru Rayners Lane, mtaa ulioko kaskazini-magharibi ya London katika wilaya ya Harrow, mahali ambapo njia mbili za treni, Metropolitan na Piccadilly, hukutana. Tulipanda Piccadilly kutoka King's Cross. Safari hiyo ina nusu mbili zisizofanana hata kidogo. Katika nusu ya kwanza abiria yu chini ya ardhi, dirisha ni kiza kitupu, na akijifuta pua kwa leso nyeupe ataona weusi. Baada ya Earl's Court treni huchomoza juu, na kutoka hapo hadi mwisho ni paa za vigae vyekundu, vibustani na mbingu.

Kilichotupeleka huko si utalii mtupu. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, ambaye anakaa huko na mkewe na watoto watatu, alitualika ili tuandike habari za maradhi yake, kwa sharti kwamba tusimtaje jina. Maradhi hayo huitwa sakoidosisi. Wengi wetu tulikuwa hatujapata kulisikia neno hilo.

Lakini tuanze na stesheni, kwani inastahili. Kituo kidogo kilifunguliwa hapo mwaka 1906, wakati ambapo pande zote zilikuwa mashamba, na upepo ulivuma pasipo kizuizi chochote. Wafanyakazi wa reli, kwa mzaha wao, wakapaita Makutano ya Nimonia. Treni za Piccadilly zilifika mwaka 1933, nyumba zikamea kama uyoga baada ya mvua, na mwaka 1938 likajengwa jengo la sasa la matofali na vioo, kazi ya Charles Holden na mwenziwe Reginald Uren. Mashamba yametoweka, upepo haukutoweka. Tulisimama jukwaani dakika tano tu, tukaelewa mzaha ule ulitoka wapi.

Ukishuka Alexandra Avenue utaliona jengo ambalo mtoto yeyote wa kwetu angelitambua kwa mara moja: usoni pake umening'inia mkonga wa tembo, wa saruji, unaoshuka kutoka juu hadi juu ya mlango. Ilikuwa sinema, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa ramani ya F. E. Bromige, na sheria inalilinda jengo hilo lisivunjwe. Leo ni kituo cha Wazoroastria, yaani Waparsi na ndugu zao wa Irani. Wazee wetu wa Unguja waliwajua Waparsi tangu zamani. Mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitoka katika jamaa hiyo. Hivyo mtu wa pwani akitembea Rayners Lane hayuko ugenini kama anavyodhani. Majirani Wahindi waliotoka Kenya na Uganda ni wengi katika Harrow yote, na dukani tulisalimiwa kwa Kiswahili na bibi mmoja aliyezaliwa Kisumu, ambaye alitupimia dengu huku akitulaumu kwa kutovaa makoti mazito.

Mwenyeji wetu anakaa mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Alitupokea kwa chai ya tangawizi na mahamri, na kabla hatujauliza lolote alituonyesha kikombe chake. Kilikuwa na alama ya rangi nyekundu chini. Alama hiyo, alisema, haikutiwa nyumbani mwake. Ilitiwa katika nyumba ya jamaa, katika hitima, ili kikombe chake kisichanganyike na vya watu. Alipoondoka alikichukua.

Kisa kilianza kwa kikohozi kikavu, kupungua uzito, uchovu usioisha kwa usingizi, na jasho la usiku. Mtu wa kwetu akisikia dalili hizo hahitaji daktari wa kumtajia jina. Picha ya eksirei ilionyesha tezi za kifuani zimevimba, na zahanati aliyokwenda ikamwanzishia dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake yalipimwa mara tatu bila kuonekana kidudu. Hatupendi kulaumu mno katika jambo hili. Maradhi haya mawili hufanana sana pichani, na kwa mtu aliyetoka Afrika Mashariki kifua kikuu ni dhana ya kwanza yenye busara. Ubaya ni pale dhana ya kwanza inapogeuka kuwa ya mwisho. Miezi ilipita, dawa hazikufaa, na habari zikaenea katika jumuiya kwa kasi iliyo kubwa kuliko ya treni ya Metropolitan. Watoto wake walianza kukaa peke yao chuoni.

Hatimaye alipelekwa hospitali kubwa, akapitishwa kifuani mpira mwembamba wenye taa, kikakatwa kipande kidogo cha tezi na kupimwa. Ndani yake vilionekana vinundu, lakini si vya kifua kikuu. Sakoidosisi ni hali ambayo askari wa mwili, yaani kinga, hukusanyika penye kitu wasichoweza kukimaliza, wakafanya vinundu vidogo sana. Katika mapafu na tezi mara nyingi, katika ngozi na macho, na mara chache katika moyo. Si saratani. Wala mtu hampi mwenziwe kwa kikombe. Wagonjwa wengi hupona bila dawa katika miaka miwili au mitatu. Wengine huhitaji dawa za kutuliza kinga, kama prednisoloni. Na wachache hubaki na makovu ya mapafu maisha yao yote.

Katika hospitali hiyo daktari mmoja, mwanamke kijana, alimwuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza kwa zaidi ya mwaka: “Kazi zako, tangu utotoni, ni zipi?”

Swali hilo lina historia katika jiji hili hili. Mgonjwa wa kwanza wa maradhi haya kuandikwa na daktari alionekana London mwaka 1869. Daktari alikuwa Jonathan Hutchinson, na mgonjwa alikuwa mtu wa miaka 58, mfanyakazi wa gati la makaa ya mawe, mwenye mabaka ya rangi ya zambarau mikononi na miguuni. Hutchinson alidhani ni jambo linalohusiana na jongo. Kazi ya mtu yule iliandikwa, kisha ikaachwa kando, kama vile mtu anavyoandika rangi ya koti. Hatusemi kwamba makaa ndiyo yaliyomwuguza. Hakuna awezaye kusema hivyo leo. Twasema tu kwamba ilichukua muda mrefu sana wataalamu kurudi kwenye mstari ule wa daftari.

Walirudi kwa njia ya taa. Katika miaka ya 1940, huko Salem, Massachusetts, wanawake vijana waliofanya kazi katika kiwanda cha taa za mirija walianza kuugua mapafu, na ugonjwa wao ulifanana na sakoidosisi hata ukaitwa kwa jina hilo. Daktari Harriet Hardy aligundua kwamba chanzo ni beriliamu, madini yaliyotiwa katika unga wa kung'arisha taa. Hata sasa mtu anayechonga au kusaga metali zenye beriliamu aweza kuambiwa ana sakoidosisi, kumbe maradhi yake yana mwenyewe anayejulikana, na dawa ya kwanza ni kumwondoa penye vumbi hilo.

Kisha likaja tukio la New York la tarehe 11 Septemba 2001. Katika miaka mitano iliyofuata, wazima moto na wahudumu wa magari ya wagonjwa 26 wa jiji hilo walipatikana na maradhi ya namna hii, nusu yao katika mwaka wa kwanza peke yake, kiwango kikubwa kuliko cha miaka iliyotangulia. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliowalinganisha wagonjwa 706 na watu 706 wasio wagonjwa, ulikuta uhusiano na kazi za kilimo, dawa za kuulia wadudu, na sehemu za kazi zenye kuvu na harufu ya uvundo. Huko South Carolina walitajwa pia wanaotumia majiko ya kuni. Nchini Sweden ushahidi umeelekea kwenye vumbi la silika, lile litokalo katika mawe, mchanga na saruji. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa mapafu vya Marekani na Ulaya, baada ya kukusanya tafiti nyingi, vilikadiria kwamba mzigo wa kazi katika sakoidosisi na maradhi ya jamii yake ni kama asilimia 30.

Maana ya hesabu hiyo si kwamba kila mwenye vumbi ataugua. Mafundi elfu huvuta vumbi moja, mmoja akaugua. Maumbile ya kurithi yana sehemu yake, na hapa London tangu uchunguzi wa mwaka 1985 imejulikana kwamba maradhi haya huwapata watu weusi na Waasia zaidi sana kuliko wazungu. Na vumbi la treni za chini, mtauliza? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta wastani wa mikrogramu 88 za vumbi jembamba katika kila mita ya ujazo ya hewa ya treni hizo, kama mara nne ya kando ya barabara za katikati ya jiji, na karibu nusu yake ni kutu ya chuma. Haijathibitishwa kwamba linaleta sakoidosisi. Tulitaja leso nyeupe kwa sababu tuliiona, si kwa kumtisha mtu.

Mwenyeji wetu kwa miaka tisa alikata mawe ya njia na saruji kwa msumeno wa umeme, mara nyingi bila maji ya kuzimia vumbi na bila barakoa ya maana. Kitambaa cha pamba kilichofungwa puani si barakoa ya silika. Wenye kukata mawe ya kutengenezwa ya meza za jikoni wako katika hatari kubwa zaidi: mwaka 2024 madaktari wa London waliandika habari za wanaume wanane, umri wao wa kati miaka 34, wengi wao wahamiaji kama sisi, waliougua silikosisi kwa kazi hiyo. Na silikosisi pichani huweza kudhaniwa sakoidosisi. Kwa hiyo jina la kazi likikosekana katika faili, hata daktari hodari huenda akatibu kivuli.

Nyumbani nako kuna la kutazama. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na kuvu jeusi pembeni mwa dirisha. Kwa wapangaji wa nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba nchini England, sheria iliyopewa jina la mtoto Awaab Ishak, aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya kuvu, ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025: hatari kubwa ya unyevu na kuvu yapasa kuchunguzwa ndani ya siku kumi za kazi, na ya dharura ndani ya saa 24. Andikeni barua, mbaki na nakala.

Jambo jingine ambalo mkewe alitusihi tulichapishe: vitamini D. Sisi wenye ngozi nyeusi huambiwa tuimeze majira ya baridi, na ni shauri jema kwa wengi. Lakini vile vinundu huigeuza vitamini hiyo kuwa kali, kalsiamu ikazidi katika damu, na figo zikaumia. Mwenye sakoidosisi asiimeze kabla ya kupimwa damu na kumwuliza daktari wake.

Daktari yule kijana alimpa mwenyeji wetu karatasi, aorodheshe kazi zake zote. Alituonyesha nakala, mwandiko mzuri wa mtu aliyesomeshwa na walimu wakali. Kazi ni kumi na moja. Ya mwisho ni kuendesha gari la wazee, anayoifanya sasa. Ya pili kutoka mwanzo ni kiwanda cha mkonge. Ya kwanza, alipokuwa na miaka kumi na miwili, ni kumsaidia mjomba wake katika tanuri la chokaa ufukweni, na daktari alipouliza chokaa hiyo ilipatikanaje, ilimbidi achore picha: magogo chini, matumbawe juu, na mtoto anayechochea.