Mwalimu ana akaunti mbili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwalimu karudi tena, jasho jembamba usoni. Asubuhi anafundisha mwaka wa kwanza, jioni ni mwanafunzi wa uzamivu hapahapa chuoni. Mfumo wa masomo, Moodle, ni uleule. Anabonyeza Toka, anaingia upya, anajikuta tena kwenye ukurasa wa mhadhiri. Na kazi yake mwisho Ijumaa!

"Mwanangu, nikitoka si nimetoka?"

Hajatoka. Kaaga Moodle tu. Keycloak, seva yetu ya kuingilia, huku nyuma bado inamjua, kidakuzi kimo ndani ya kivinjari. Moodle ikiuliza huyu nani, inajibiwa kabla mama wa watu hajaandika hata herufi. Nimemfungulia dirisha la faragha, akaingia kama mwanafunzi. Kanishukuru mpaka nikaona haya. Sijaridhika lakini. Keshokutwa atakuwa palepale mlangoni kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe akaunti ya pili imeandikishwa kwa barua pepe ya mumewe! Seva yetu haipokei anwani moja kwa akaunti mbili, basi aliyemsajili akatafuta njia. Maoni ya msimamizi wake wa utafiti yote yanamwendea mzee nyumbani. Imeniuma.

Kipo kitufe cha kuruhusu anwani zijirudie. Sikigusi. Nikikiwasha, kuingia kwa barua pepe kunazimika, na chuo kizima ndivyo kinavyoingia.

Usiku, siupati usingizi. Niongeze prompt=login kwenye ombi? Agizo hilo limo kwenye OpenID Connect tangu 2014, nywila inadaiwa kila mara. Kila mara, kwa kila mtu? Hapana. Kuingia mara moja kutakuwa na maana gani tena.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao na masjala. Mmoja kapendekeza akaunti ya pamoja ya idara, nywila wapeane. Nimekataa, sauti ikanipanda kidogo. Alama ikibadilishwa usiku wa manane, kumbukumbu zitamtaja nani? Idara?

Mimi mwenyewe ninazo mbili, ya kila siku na ya usimamizi. Ile ya usimamizi ina wasifu wake peke yake kwenye kivinjari, rangi nyekundu juu, haichanganyiki na kitu. Hizo zina sababu: moja ina nguvu ya kufuta, nyingine haina. Za Mwalimu hazina sababu yoyote. Zimezaliwa na namba mbili tu, ya utumishi na ya usajili. Moodle inatoa jukumu kozi kwa kozi. Mtu mmoja anaweza kufundisha hapa na kusoma pale kwa akaunti ileile. Tatizo liko kwenye fomu ya masjala.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezima ile ya pili. Namba zote mbili sasa zimo kwenye akaunti yake moja, kozi ya uzamivu nimemwandikisha upya kama mwanafunzi, barua pepe ni yake. Nimehakiki kwamba kwenye kozi hiyo hawezi kugusa alama, zake wala za mwenzake.

Saa tisa alasiri kaipakia kazi, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake. Risiti imeingia kwenye simu yake mwenyewe. Kaisoma mara mbili, kwa sauti.

Barua ya masjala nimeiandika, Jumatatu naipeleka kwa mkono: mwenye akaunti asifunguliwe nyingine, aongezewe namba.