Daftari la Balozi wa Nyumba Kumi

Mwaka 1985 hakuna mgeni aliyelala katika nyumba zetu kumi, pale Tandika, Temeke, jijini Dar es Salaam, bila jina lake kuandikwa. Kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Baba alikuwa balozi, na ingawa alijua kusoma, vidole vyake vilikuwa vimeshupaa kwa kazi za kiwandani, kalamu haikumtii. Mimi nilikuwa shule ya msingi, mwandiko wangu ukisifiwa na walimu, basi nikakabidhiwa kaunta buku la kwaya mbili na kuambiwa: andika kama ulivyosikia, usiongeze neno.

Vijana wa leo wakisikia balozi wa nyumba kumi wanafikiri ni cheo cha heshima tu, cha mzee anayekaa barazani na kofia. Mfumo ule ulianzishwa na chama cha TANU katikati ya miaka ya 1960, na CCM ilipozaliwa Februari 5, 1977, ikaurithi mzimamzima. Chama na serikali vilikuwa kitu kimoja, na kwa mtu wa Temeke kitu hicho kilikaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Ukitaka kumwandikisha mtoto shule, kumdhamini ndugu polisi, kuomba pasi ya kusafiria au kufunga ndoa, ulianzia kwa balozi. Mume na mke wakigombana usiku, mlango uliogongwa ulikuwa wetu. Nimelala mara nyingi nikisikia baba akisuluhisha ugomvi sebuleni, mama akichemsha chai ya rangi kwa ajili ya waliokuwa wakilia.

Na ukitaka sukari, ulianzia kwa balozi vilevile. Zile zilikuwa siku za mgao. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na vilivyobaki vilipita katika duka la ushirika kwa orodha. Orodha yenyewe ilitoka kwenye daftari letu: kaya, idadi ya watu, kiasi. Sukari, sabuni ya kufulia, mafuta ya kula, khanga zilipopatikana. Tulikula ugali wa unga wa Yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na tulivaa katambuga za matairi bila kuona haya kwa sababu jirani naye alivaa hizohizo.

Sisemi kwamba ulikuwa usawa mtupu. Walikuwepo mabalozi ambao kaya zao zilikuwa na watoto wengi katika daftari kuliko kitandani. Baba hakuwa hivyo, na nalisema hili kwa fahari, kwa maana nilikuwa mwandishi wake: siku sukari ilipopungua, jina la kwanza kukatwa lilikuwa letu, na mama alinuna wiki nzima. Lakini hata balozi mwaminifu alishika kitu ambacho binadamu hapaswi kushika juu ya mwenzake. Nimewaona watu wazima, wenye umri wa kumzaa baba, wakimwamkia kwa sauti ya kuomba.

Novemba 5, 1985, Mwalimu Nyerere alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi. Milango ilikuwa imeshaanza kufunguliwa kidogo tangu bajeti ya 1984, wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuleta bidhaa, lakini ni Mwinyi, tuliyemwita Mzee Ruksa, aliyeisukuma mpaka ukutani. Mwaka 1986 serikali ikaafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashushwa kutoka takriban 17 kwa dola moja hadi 40. Haya tuliyasikia redioni kama mambo ya wakubwa. Tuliyaona kwa macho katika soko la Tandika: belo za mitumba zikifunguliwa asubuhi, watu wakigombea mashati ya wazungu tuliyoyaita kafa ulaya, sabuni za rangi zote, dawa ya meno, redio kaseti, betri. Mama, ambaye zamani angeweza kukamatwa chini ya ile sheria ya nguvukazi kwa kukaanga vitumbua kando ya njia, alifungua genge mchana kweupe.

Katika daftari kurasa za mgao zilianza kuwa nyembamba. Nakumbuka ukurasa ambao niliandika tarehe, nikaandika majina ya kaya zote, na hakuna aliyekuja kuchukua kilo yake, kwa kuwa sukari ilikuwa tele dukani kwa Mpemba wa kona, bora uwe na hela. Baba aliutazama ukurasa ule akafurahi. Ninalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani kila kiongozi wa enzi ile alilia mgao ulipokufa. Alichoka kugawa. Alisema sasa mtu atakula jasho lake bila kuniona mimi.

Kilichokuja kumsumbua ni kwamba mgao ulipokufa, alikoma pia kujua nani amelala na njaa. Zamani kaya isiyochukua unga wake ilimfanya atume mtoto akaulizie kulikoni. Sasa duka lilijaa, na mjane wa nyumba ya saba angeweza kupita mbele yake siku tatu bila kununua kitu, na hakuna daftari lililomwambia.

Lakini daftari halikufa pamoja na mgao. Lilikuwa na safu nyingine, ya wageni na wanaosafiri, na hiyo ndiyo iliyonifundisha jiografia kuliko shule. Katika nyumba ya nne walipanga vijana wawili wa Afrika Kusini, wapole, waliotufundisha nyimbo zao. Dar es Salaam ilikuwa na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu 1963, na wapigania uhuru walikuwa majirani kama majirani wengine. Baba aliagiza niandike "wageni wa Chama" na nisiulize zaidi. Mandela alitoka gerezani Februari 11, 1990, na mwezi uliofuata alikuwa hapa Dar, watu wakijipanga barabarani kumwona. Hatukuwahi kuandika siku ambayo wageni wetu waliondoka. Waliaga kwa kushikana mikono nyumba hadi nyumba, na mwaka 1994, Afrika Kusini ilipopiga kura, Kamati ya Ukombozi nayo ikafunga kazi yake.

Chini ya majina yao niliandika ya vijana wetu. Mmoja alikwenda Moscow kusomea uhandisi kwa udhamini wa serikali. Alipomaliza, nchi aliyokwenda kusomea ilikuwa haipo tena, imevunjika Desemba 1991. Wengine walikwenda bandarini usiku, wakazamia meli. Mama zao walikuja kwa baba na kusema "kasafiri", nami niliandika kasafiri, hadi barua ilipofika kutoka Ugiriki. Baada ya 1994 mkondo ukageuka: vijana wakaanza kwenda Bondeni kwa mabasi, kutafuta maisha katika nchi ileile ambayo wageni wetu waliikimbia.

Usiku baba alikuwa na redio yake. Alisikiliza Redio Tanzania, kisha alizungusha kitufe akitafuta Kiswahili cha mbali: London, Cologne, Moscow, Berlin ya Mashariki. Ukuta ulipobomolewa Novemba 1989 alisikia habari hiyohiyo kutoka pande zote mbili za ukuta, akacheka kwa mshangao. Oktoba 1990 Ujerumani mbili zikaungana, na ile stesheni ya Berlin ya Mashariki ikanyamaza. Baba aliitafuta siku kadhaa mahali pake pa kawaida, akidhani ni mawimbi. Mtu aliyekuwa amefundishwa kwamba historia inakwenda upande mmoja alikuwa akisikiliza mivumo.

Kuna safu moja ya daftari ambayo sijapenda kuisema, ila bila hiyo nitakuwa nimesema uongo kuhusu muongo ule. Ni safu ya vifo. Ukimwi ulitambuliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera, na kwetu uliingia kimya. Niliandika kama nilivyosikia: homa, kifua, kurogwa, tumbo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 majina yaliyokuja katika safu ile yalikuwa ya watu wenye umri wa dada zangu. Dereva wa nyumba ya pili, kisha mkewe, kisha fundi cherehani aliyenishonea sare ya shule. Wote waliandikwa homa. Najua sasa kwamba katika daftari lile hakuna palipodanganywa mno kama pale, na najua kwamba kila mmoja wetu aliyekuwa akidanganya alikuwa akimlinda mtu. Baba alikwenda kwenye kila msiba, akabeba kila jeneza. Hapo alikuwa balozi kweli.

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba, katika ile safu ya viwanda vya Barabara ya Pugu, kilianza kusimamisha zamu moja, kisha ya pili. Nguo za mitumba zilikuwa rahisi kuliko tulizofuma wenyewe, mitambo ilikuwa chakavu, na fedha za vipuri hazikuwapo. Mapema miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipoanza kurekebishwa na kuuzwa, baba alirudi nyumbani na bahasha. Alipunguzwa. Kiinua mgongo kilichelewa, na kilipofika, bei zilikuwa zimekitangulia. Kufikia 1995 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 500. Tangu hapo tulilishwa na genge la mama. Ada za shule, ambazo mimi sikuwahi kuzisikia nikiwa mdogo, sasa ziliitwa uchangiaji, na wadogo zangu walirudishwa nyumbani kwa ajili yake. Nikiwasikia watu wakibishana ni ipi iliyokuwa bora, enzi ya foleni au enzi ya ruksa, huwa nawaza meza yetu: kwanza tulikuwa na mshahara bila sukari, kisha sukari bila mshahara.

Siasa nazo hazikusubiri. Februari 1990 Mwalimu mwenyewe, angali mwenyekiti wa CCM, alisema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi si dhambi, na kwamba tuna la kujifunza kutoka Ulaya ya Mashariki. Mwaka uliofuata Rais Mwinyi akaunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee; tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, na nadhani ule ulikuwa ushauri wa hekima kuliko wote niliousikia maishani, kwa sababu ulihesabu haki ya wachache. Baba alikuwa katika wale wengi. Mimi nilikuwa katika wachache. Tulibishana mezani kwa heshima, yeye akiniita "mama" kama alivyoniita tangu utotoni, nami nikishindwa kupandisha sauti.

Julai 1, 1992, sheria ya vyama vingi ikaanza kufanya kazi. Chama kikatengwa na serikali, na ubalozi wa nyumba kumi ukabaki mali ya chama. Mwaka 1994 tukachagua wenyeviti wa mitaa, na mihuri ikahamia ofisini kwao. Watu waliendelea kuja kwa baba kwa mazoea, naye aliwaelekeza ofisi ilipo. Mwaka huohuo televisheni za watu binafsi zilianza kurusha matangazo Dar es Salaam, na jioni watoto wa nyumba kumi waliokuwa wakijaa barazani kwetu walihamia dirishani kwa jirani mwenye kioo. Simu za mkononi nazo ziliingia mwaka uleule, lakini kwa Tandika hazikuwa habari. Ungeweza kukaa mwaka bila kumwona mwenye nayo.

Ndipo ukaja uchaguzi. Augustine Mrema, ambaye akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alitufanya tulale tukilindwa na sungusungu, alikuwa amehamia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, na vijana wa Temeke walisukuma gari lake kwa mikono. Oktoba 29, 1995, nilipanga foleni tangu alfajiri. Vifaa vilichelewa, kwingine havikufika kabisa, na uchaguzi wa majimbo ya Dar es Salaam ukafutwa. Tukarudia Novemba 19. Benjamin Mkapa wa CCM akawa Rais.

Zamani, katika kura ya Rais, tulichagua ndiyo au hapana kwa mgombea mmoja, na kwa wabunge tulichagua jembe au nyumba, wote wa chama kilekile. Baba hakuhitaji kuuliza mtu kapiga vipi. Safari hii nilipotoka kituoni alinitazama, nikajua anatamani kuuliza, na hakuuliza.

Mwaka 1996 jimbo la Temeke lilikuwa na uchaguzi mdogo, na Mrema akashinda ubunge. Asubuhi matokeo yalipotangazwa baba alikaa barazani akipokea shikamoo za watu wale wale, nyumba zile zile. Alinigeukia akasema: "Miaka yote hii, mama, nilidhani nawajua." Nikamwambia aliwajua, kuliko mtu yeyote, ila katika daftari hapakuwa na safu ya kuandika wanachotaka, na hakuna aliyetutuma tuichore. Hakukubali. Alisema mtu mzima angemwambia bila kuulizwa. Tulikuwa bado tunabishana alipoingia jirani wa nyumba ya tisa, fulana ya NCCR mwilini, akitaka baba awe shahidi wa mauziano ya kiwanja chake, kwa kuwa ni yeye tu aliyekumbuka mpaka ulipita wapi. Baba akavaa kofia, wakatoka pamoja kwenda kuuonyesha.