Saa ya Chakula Hupangwa Asubuhi

Kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu imekuwa kuwaandalia chakula watu ambao bado hawajafika. Nilianza kwa kubeba sahani Migori mjini, nikapanda hadi kusimamia ukumbi wa kulia, kisha nikahamia Homa Bay, ambako mgeni haji kulala tu. Anakuja kutembea: Rusinga, Mfangano, Mbuga ya Ruma, Thimlich Ohinga. Kote nilikopita swali limekuwa lile lile. Ubao wa mapokezi unasema chakula cha jioni ni saa moja hadi saa tatu usiku. Saa tatu inafika, meza zimeandaliwa, ugali umeanza kufanya ngozi juu, na gari la wageni liko barabarani. Mgeni akifika huona jiko lina roho ngumu. Mpishi huona wageni hawajali saa za watu. Meneja humtupia dereva lawama. Nimeyasikiliza malalamiko haya kwa miaka mingi na sioni anayesema uongo, lakini wote watatu wanatafuta kosa la jioni ndani ya jioni. Kuchelewa huko kuliamuliwa asubuhi, karatasi ya safari ilipoandikwa. Kwa hiyo anayeandika karatasi hiyo ndiye anayepaswa kutaja saa ya kula, na jiko lipokee saa hiyo kutoka kwake.

Ushahidi wa kwanza ni jua lenyewe. Tuko karibu nusu digrii kusini mwa ikweta, na mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Magharibi ni fupi, na mara giza limeshika. Sasa itazame Ruma. Mbuga hii ya kilomita za mraba 120 katika bonde la Lambwe ilitengwa mwaka 1966 kuwa hifadhi, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1983, na kinachowaleta watu ni korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa weusi na weupe ambaye kwa Kenya haonekani porini kwingine. Jua la adhuhuri likiwaka, wanyama hujilaza kwenye nyasi ndefu na mgeni huona mgongo tu, kama ana bahati. Alasiri ndipo wanaposimama na kuanza kula. Mgeni aliyelipa kiingilio na kukodi gari hawezi kukubali kuondoka saa kumi, wakati kile alichokifuata ndiyo kwanza kinatokea. Atabaki hadi saa kumi na mbili, lango linapofungwa. Baada ya hapo kuna barabara ya gizani, kuna ng'ombe wanaorudi nyumbani, kuna boda boda zisizo na taa, na mwishoni kuna vumbi ambalo hakuna mtu atakaa nalo mezani kabla hajaoga. Haya yote yanajulikana kabla gari halijawashwa. Kumwandikia mgeni wa Ruma chakula cha saa moja ni kumwekea miadi ambayo hakuna awezaye kuitimiza.

Ziwani hesabu ni ngumu zaidi, ila nayo ni hesabu. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, na kufikia alasiri mawimbi yameinuka. Nahodha mwenye akili hawezi kuwaondoa watu Mfangano wakati huo kwa sababu tu kuna sufuria inayosubiri Homa Bay. Akiona maji yamechafuka atasubiri yatulie, na mimi namwunga mkono kabisa. Wageni nao hawakwenda Mfangano kuharakishwa: kuna michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, kuna kupanda kilima, kuna Makumbusho ya Amani ya Abasuba. Kisha kuna gugu maji, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likisukumwa na upepo kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Gati lililokuwa wazi asubuhi huonekana jioni kama shamba la majani, na boti hulazimika kupenya polepole, injini ikizimwa mara kwa mara ili propela isafishwe. Linganisha safari hiyo na ile ya Rusinga. Kwa kuwa kuna daraja la Mbita, wanaokwenda kuona kaburi la Tom Mboya husafiri kwa gari mwanzo hadi mwisho, na kwa kawaida hurudi kwa wakati. Wageni ni wale wale na adabu yao ni ile ile. Tofauti ni njia waliyopita.

Thimlich Ohinga, upande wa Migori, inaonyesha jambo hilo hilo kwa udongo. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, na tangu hapo hata mgeni aliyekuja Homa Bay kwa mkutano hutaka kufika. Wakati wa kiangazi safari hiyo inatabirika. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa maeneo hayo hushika gurudumu kama uji mzito, na dereva hawezi kukuahidi saa. Ninachoweza kudai kwake ni simu moja tu, atakapopita Rodi Kopany, kwa maana kutoka hapo hadi Homa Bay ni lami na safari fupi.

Simu hiyo ina thamani kwa sababu ya ugali, na hapa nitakawia kidogo, maana watu wengi wanaopanga safari hawajawahi kusimama jikoni. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, kikisubiri mlaji kishikiliwe juu ya nyuzi 60, kikihifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5, na kikipashwa moto upya kifike nyuzi 70 hadi ndani. Mpishi anayefunga jiko saa tatu hafanyi ukaidi; anafunga kabla sheria hiyo haijavunjwa mikononi mwake. Lakini usalama ni nusu ya habari. Mchukue ngege mzima aliyekaangwa. Akitoka kwenye mafuta, ngozi yake inalia chini ya kidole na mapezi yanavunjika kama kaukau. Mweke kwenye chombo cha bufee chenye maji moto chini na kifuniko juu: baada ya muda mfupi mvuke umemrudia, ngozi imelegea na kuanza kubanduka, na nyama ya mgongoni, ambayo ndiyo tamu, imekauka huku tumbo likilowa. Yuko juu ya nyuzi 60, ni salama, na ameharibika. Chipsi huharibika upesi kuliko yeye. Ugali nao hauvumilii kusubiri, ila una wema wake: ukiwa na maji yanayochemka, ni kazi ya nusu saa au pungufu. Ndiyo maana nataka simu ya Rodi Kopany. Wageni wanapooga, mwiko unazunguka.

Kinachonisikitisha ni kwamba hoteli zetu zilijenga orodha zao juu ya vyakula visivyoweza kungoja, ilhali majiko ya nyumbani kote Nyanza yanavijua vyakula vya kungoja tangu zamani. Mboga za kienyeji, kunde, mnavu au mitoo, huchemshwa, zikatiwa maziwa, na kila zinaporudishwa motoni huzidi kuiva ladha; zipo nyumba ambazo haziwezi kuzila siku ya kwanza. Obambla, samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani, hutengenezwa makusudi ili adumu, na akiwekwa kwenye mchuzi wa nyanya hukaa juu ya moto mdogo bila kupoteza kitu. Aliya, nyama iliyokaushwa, vivyo hivyo. Kuku wa kienyeji akichelewa sufuriani ndipo analainika. Wavuvi wa omena hutoka usiku na taa zao na kurudi alfajiri, na kwao chakula hakijawahi kuwa na saa moja tu. Mapishi ya ukanda huu yalitungwa na watu ambao ndugu zao walikuwa ziwani au malishoni na hawakujulikana watarudi saa ngapi. Hoteli inayomwekea mgeni wa Mfangano chipsi na samaki wa kukaanga, kisha ikalalamika kwamba amechelewa, imesahau iko wapi.

Watu wa hoteli hupenda kunipa mfano wa meli za kitalii, zile zinazotia nanga Mombasa, na mfano huo una funzo tofauti na wanalolidhani. Kwa miaka mingi meli hizo zilikuwa na awamu mbili za chakula cha jioni, ya kwanza mapema na ya pili usiku zaidi, na kila abiria na meza yake. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ikaanzisha mtindo wa kula saa yoyote, na nyingine zikafuata kwa njia zao. Mwenzangu atasema: basi nasi tufungue jiko usiku kucha. Ila meli ina wapishi wa zamu wanaolala ndani ya meli ile ile, ngazi chache chini ya jiko. Mpishi wangu analala kijijini, na usiku matatu zimeisha. Kilicho cha kuigwa kwenye meli ni jambo dogo zaidi: msafara wa nchi kavu ulioandaliwa na meli yenyewe ukichelewa kurudi bandarini, kwa kawaida meli huusubiri, kwa kuwa ni yenyewe iliyoupanga. Aliyejitembeza mwenyewe anajua hasubiriwi. Jukumu linamfuata mpangaji, na ndilo ninalolitaka kwenye hoteli za ziwani.

Kwa hiyo ninachokipendekeza, na ambacho nimekitumia kila niliporuhusiwa, ni hiki. Saa ya kawaida ibaki saa moja hadi saa tatu, na isisogezwe hata dakika, kwa kuwa waliobaki hotelini nao ni wageni: kuna watoto, kuna wazee, kuna mwenye kisukari ambaye dawa yake inaendana na mlo. Pembeni yake iwepo meza ya pili, saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu, inayoandikwa asubuhi kwa jina la safari. Anayekwenda Ruma au Mfangano anaambiwa kabla hajapanda gari kwamba chakula chake ni cha meza ya pili, na anachagua kabisa kutoka kwenye vyakula vinavyongoja. Saa kumi alasiri karatasi inafika jikoni na idadi. Mpishi wa meza hiyo haongezewi saa mwisho wa siku. Anaingia kazini saa nane mchana wakati mwenzake aliingia asubuhi.

Najua mapingamizi, na yapo ya haki. La kwanza ni gharama: gesi, taa, mpishi mmoja na weita mmoja kwa walaji sita. Ni kweli, na hoteli ndogo huumia. Lakini jumlisha samaki waliokaangwa na kutupwa, sahani zinazorudishwa, na ovataimu ambayo ama inalipwa ama inazua chuki. Sufuria moja ya mchuzi kwenye moto mdogo ni rahisi kuliko vyote hivyo. La pili ni kwamba wageni wapewe chakula cha kufungiwa waende nacho. Kwa mchana, vyema. Kwa usiku, kumpa mtu aliyetingishwa na mawimbi sandwichi iliyofungwa alfajiri, kwenye joto la ziwani, ni kuisahau ile kanuni ya saa 2 niliyoitaja. La tatu husemwa kwa uchungu zaidi, na wapishi wenyewe: ukiwaandalia wachelewaji utawazoesha kuchelewa. Ningelikubali kama kuchelewa kungekuwa tabia. Aliyeketi baa hadi saa nne kisha akadai kuku, huyo simtetei; hayumo kwenye karatasi. Ninamtetea aliyesubiri upepo utulie kwa amri ya nahodha.

Linalobaki, na ambalo sijalimaliza, ni la wafanyakazi wenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika siku saba, na hoteli nyingi hulitimiza hilo kwenye karatasi ya zamu. Ila meza ya pili ikimalizika saa nne na nusu, vyombo vikaoshwa na jiko likapigwa deki, ni karibu saa sita. Boda boda ya saa hiyo hutoza zaidi ya ile ya saa mbili, na mwanamke anayekaa mbali na mji hapandi tu pikipiki yoyote. Juni 2025, Homa Bay ilipoandaa sherehe za kitaifa za Madaraka, na Agosti ilipopokea kongamano la ugatuzi, mji ulijaa wageni, na tangu hapo kila mwenye hoteli anazungumza juu ya vitanda. Mimi nazungumza juu ya gari la kuwarudisha wapishi. Gharama yake iingizwe kwenye bei ya safari tangu asubuhi, pamoja na mafuta ya boti na kiingilio cha mbuga, na jina la dereva wake liandikwe kwenye karatasi ile ile inayofika jikoni saa kumi.