Ufito wa mianzi, mshipi wa hariri

Jumatano, 5 Februari 2025
Karakanani, tunakofunga nzi bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti, kutwa ni shanga za chuma na sponji za rangi kali. Ndivyo wateja wa Ulaya na Marekani wanavyoagiza siku hizi, na ndivyo tunavyolipwa. Jioni nimefunga nzi wangu mwenyewe, Greenwell's Glory. Uzi wa hariri wa manjano nimeusugua kwa nta ya washona viatu mpaka ukageuka rangi ya zeituni. Juu yake nikazungusha waya wa dhahabu mwembamba kama unywele, kisha unyoya wa shingo ya jogoo: mweusi katikati, rangi ya kutu pembeni. Jogoo huyo nilimpata soko la Karatina. Muuzaji alishangaa kuona namkagua shingo badala ya mapaja! Bawa lilipaswa kuwa la ndege mweusi wa Uingereza. Mimi nimetumia la bata. Kasisi William Greenwell na fundi James Wright, waliomtunga nzi huyu kule mto Tweed mwaka 1854, watanisamehe.

Jumamosi, 8 Februari. Gura, Aberdare
Baridi kali, maji meupe. Mto huu ulitiwa trauti wa Loch Leven mwaka 1905, walioletwa na Ewart Grogan kutoka Scotland. Askari wa wanyamapori aliyetusindikiza aliutazama ufito wangu wa kuvulia akauliza, "Mzee, huu si umri wako?" Nikamwambia umenizidi.

Una vipande sita vya mwanzi wa Guangdong, China, vilivyochongwa pembe tatu na kugundishwa pamoja. Huku mianzi imejaa mlima mzima, nami navulia ya Wachina. Ufito wa kaboni una haraka, huu hauna. Unautupa mshipi nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unausukuma mbele. Ukiuharakisha, unagoma. Lakini kwenye vijito hivi vyenye vichaka pande zote, hatua nane zinatosha, na hapo mwendo wake wa pole unamtua nzi bila kishindo. Nyuma ya jiwe, trauti wa madoa mekundu akamchukua. Mwanzi ulipinda mpaka mkononi, nikausikia kila mtikisiko wa kichwa chake. Nikamrudisha majini. Askari alisikitika, alikuwa ameshaanza kuwaza chumvi.

Jumapili, 9 Februari
Mshipi wa hariri umetandazwa sebuleni kutoka kiti hadi kiti. Usipokaushwa unaoza, na kabla ya kurudi majini lazima upakwe grisi ili uelee. Mke wangu anauruka akipita, ananung'unika. Ila ni mwembamba kuliko wa plastiki wenye uzito uleule, na upepo wa mlimani hauusumbui sana. Uzi wa mwisho, ule wa kufungia nzi, ni nailoni. Wazee walitumia uzi wa tezi za kiwavi wa hariri na kuuloweka kwanza ndipo ufungike. Hapo nimekataa, ukale nao una mpaka wake.

Ijumaa, 14 Februari
Mwenye hoteli mmoja amepiga simu. Anautaka ufito autundike ukutani juu ya meko, pamoja na picha za walowezi, na bei aliyotaja ni nzuri. Nimemjibu siuzi, kwa kuwa Machi narudi nao Gura. Kama anataka cha kutundika, Karatina kuna mafundi wanaochonga vizuri.